Maharage ya Jumatano

Jumatatu, tarehe 29 Januari 2024

Ugali umetoka na madonge tena. Nimeula hivyo hivyo. Mke wangu Florentine ametimiza wiki ya tatu Lemera, kando ya kitanda cha mama yake, na mimi nimebaki na mbabula moja ya makaa, masufuria manne na mwiko. Nimekaa katika ndoa miaka kumi na tisa bila kujua chumvi inawekwa saa ngapi.

Maharage, lakini — maharage nimeyaweza! Kuyalowesha tangu jioni, makaa machache, kitunguu na mawese yakikaribia kuiva, chumvi mwisho kabisa. Josée, jirani yangu, amechungulia juu ya ua wa matete akaniuliza nimeolewa na nani. Nikamjibu nimeolewa na njaa. Amecheka, kisha ameazima bakuli la maharage na kwenda nalo kwake. Sawa. Sijui kupika chakula cha mtu mmoja. Kila siku napika cha watu sita.

Klasi ya tano: wanafunzi sabini na mmoja leo. Wamekaa tena kila mmoja na wa kwao. Wafuliiru dirishani. Warundi wa tambarare karibu na mlango. Wabembe nyuma. Wale ndugu wawili wa Bijombo peke yao kwenye dawati moja. Nimewachanganya kwa mkono wangu, mmoja mmoja, nusu saa nzima ya hesabu imepotea. Baada ya rekreasyo kila mtu amerudi kwake kama vile sikusema kitu.

Irakoze bado hajasema neno. Alikuja mwezi wa kumi na moja, alitoka upande wa Mutarule na koko wake, mama ya mama yake. Hajasema kwa Kifaransa, hajasema kwa Kiswahili, wala kwa Kirundi na wenzake wa mlangoni. Daftari lake ndilo safi kuliko yote. Somo la nne likifika analala juu yake. Najua usingizi wa namna ile. Hautokani na uvivu.

Jumanne, tarehe 30 Januari

Somo la afya: chakula kamili. Kitabu kinaonyesha tofaa, jibini na kitu cheupe ndani ya kikombe. Michée, ambaye hakosi jibu hata pale asipojua swali, amesema ni sabuni ya kunyolea. Nimefunga kitabu.

Nikawauliza basi: jana nyumbani mlikula nini? Kosa. Darasa zima lilikula nyama. Sabini na mmoja, nyama, siku ya Jumatatu! Mtoto wa hapa hafungui sufuria la mama yake mbele ya watu. Nilifundishwa hivyo hivyo na mama yangu, na kama mwalimu angeniuliza, mimi pia ningekula nyama.

Nimeamua: kesho naleta sufuria langu. Wataona chakula kamili kwa macho, bila kitabu. Maharage, mboga za lengalenga, ugali. Sitatia ndagala, maana wale wawili wa Bijombo kwao hawali samaki. Sitatia pilipili. Mawese kidogo tu. Na atakayekula mbele ya wenzake awe Irakoze. Apate kula, na apate jambo la kusema. Nimekaa kuchambua maharage nikijiona mwalimu wa maana sana.

Jumatano, tarehe 31 Januari

Siku ya kufunga. Kila Jumatano tangu mama mkwe aanguke na mguu wake kukataa kupona. Sili wala sinywi mpaka jua lizame, na simwambii mtu. Kanisani kwetu anayefunga hatangazi.

Nimepika alfajiri. Nimebeba sufuria limefungwa katika kikwembe cha Florentine, na njiani wamenisalimu watu ambao kwa kawaida hawanisalimu. Somo la tatu nimelifungua juu ya meza. Harufu! Darasa limenyamaza lote, hata dirishani. Nikaeleza: hiki kinajenga mwili, hiki kinalinda, hiki kinatia nguvu. Nikamwita Irakoze mbele, nikapakua sahani, nikampa.

Hakupokea mara moja. Alitazama mkono wangu, kisha akatazama mdomo wangu. Alitazama kwa muda. Nikamwambia kula, usiogope. Akala. Alikula yote, taratibu, akafuta sahani kwa donge la mwisho. Nikamuuliza ikoje. Akasema: Biraryoshe.

Ni tamu. Neno la kwanza tangu Novemba! Nilifurahi, sioni haya kuandika hivyo. Nimewageukia wengine niwagawie yaliyobaki. Hakuna aliyetaka. Wameshiba, wote, watoto ambao asubuhi hawanywi hata chai. Nikadhani ni haya. Michée akaniuliza: Mwalimu, weye hauli? Nikamwambia nitakula baadaye. Nimerudi na sufuria nusu, na jua lilipozama nimelimaliza mimi mwenyewe. Kweli yalikuwa matamu.

Alhamisi, tarehe 1 Februari

Irakoze hayupo. Mvua kubwa, wengi hawapo. Nimekula ugali na sombe ya sokoni, majani ya muhogo. Sombe inataka karanga, nimegundua nimechelewa.

Ijumaa, tarehe 2 Februari

Irakoze hayupo. Marie-Jeanne, mwalimu wa klasi ya nne, amenivuta nyuma ya jengo la choo, mahali tunapoongelea mambo ya mishahara. Amesema kwa sauti ndogo kwamba yule mtoto anatapika tangu jana asubuhi. Na kwamba bantu banasema. Nikamuuliza wanasema nini. Akaniuliza yeye: ni kweli ulimpa chakula bila kuonja?



Hapa hata maji humpi mtu bila wewe kutia mdomo kwanza, mbele ya macho yake. Chupa ya bia inafunguliwa mbele ya mnywaji. Mama anayepeleka uji kwa mzazi wa jirani anakunywa kijiko kimoja mlangoni. Sijawahi kufundishwa hilo, nimelikuta mkononi mwangu toka utoto. Na Jumatano nimemkalisha mtoto wa watu mbele ya mashahidi sabini, nikampa sahani, nikafunga mdomo wangu. Nilifikiria samaki, nilifikiria pilipili, nilifikiria kila tumbo la darasa isipokuwa langu.

Na mimi Mfuliiru, na yeye Mrundi wa tambarare. Marie-Jeanne hakulisema hilo. Alilizunguka tu.

Sumu! Mimi huwa nawaambia wanafunzi kwamba hofu ya sumu ni ujinga unaotuua kuliko sumu yenyewe. Nimesema hivyo miaka kumi na minne.

Jumamosi, tarehe 3 Februari

Nimekwenda Kavimvira kumwona. Mgonjwa hutembelewa na kitu mkononi. Nimesimama dukani muda mrefu. Mkate, hapana. Sukari, hapana. Maziwa, Mungu wangu, hapana. Nimenunua sabuni mche mmoja.

Koko wake, Mama Gloriose, amenipokea mlangoni na hakusogea. Ni mwanamke mfupi, mkulima, mikono mikubwa. Anaishi kwa kulima mashamba ya wengine. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, ndani tu ya mlango, macho yamezama. Mwanamke wa dawa za majani ameshamtapisha mara mbili na amesema ni kitu kimetoka ndani ya sufuria. Niliinama, nikanyoosha mkono kando yake nikamgusa mtoto paji la uso: moto mtupu. Nikasema hii ni malaria, mama, tumpeleke kwenye kituo cha sante sasa hivi.

Yeye akauliza: "Mwalimu, ulionja?"

"Hapana, mama."

"Juu ya nini hukuonja?"

Ningesema nilifunga. Neno moja. Lakini ukishalitaja ili likuokoe, si kufunga tena, ni hirizi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliona pia aibu, kusimama mlangoni kwa watu na kujitangaza mcha Mungu. Nikasema nilisahau.

Jibu baya kuliko yote. Nani anasahau?

Nimeita mtu wa pikipiki. Mama Gloriose amekataa kumpandisha mtoto nikiwepo. Amempeleka yeye, na jirani yake mmoja, na mimi nimefuata mbali kwa miguu, na sabuni yangu.

Jumapili, tarehe 4 Februari

Cyprien, muuguzi wa sante, tulisoma pamoja. Amenionyesha karatasi: kipimo cha damu, goutte épaisse, misalaba miwili. Malaria. Mtoto ametundikiwa maji na ameanza kunywa mwenyewe. Amesema angechelewa siku moja tungeongea mengine.

Nimekaa kwenye ngazi za sante nikalia kidogo. Si kwa huzuni. Sijui kwa nini hasa.

Kanisani mama aliyekaa kando yangu amemhamisha mtoto wake upande wa pili. Taratibu, bila kunitazama, kama mtu anayesogeza kiti.

Jumatatu, tarehe 5 Februari

Wanafunzi hamsini na wawili. Warundi wa mlangoni hawapo hata mmoja. Wale wa Bijombo wapo. Mkubwa wao ameniambia kwamba mama yao alitaka kuwazuia, lakini wakamwambia mwalimu aliacha kutia samaki kwa ajili yao. Kumbe waliona.

Nimewasomea darasa lile neno la Cyprien, malaria, nikaliandika ubaoni. Michée amesema baba yake anasema hata malaria inaweza kutumwa. Nikamuuliza inatumwa kwa njia gani. Hakujua. Lakini hakuna aliyemcheka, na huwa wanamcheka kwa mambo madogo zaidi.

Direkteri Modeste ameniita. Amezunguka zunguka: hali ya hewa, mguu wa mama mkwe wangu, ziwa limepanda. Kisha: kesho komite ya wazazi wanakuja. Nije na utulivu.

Jumanne, tarehe 6 Februari

Komite. Imefanyika darasani kwangu. Watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Na wao pia: Wafuliiru dirishani, Warundi mlangoni. Hakuna aliyewapanga.

Karatasi ya malaria imepita mikononi. Baba mmoja amesema karatasi inaandikwa na mtu, na mtu ana rafiki. Mwingine ameuliza kama mwalimu anapewa posho ya kupikia watoto, na kama hapewi, anapika kwa sababu gani. Swali zuri. Mwingine: mwanaume apike? Hili limewasumbua karibu kama sumu yenyewe. Nikaeleza kuhusu Florentine na Lemera. Nikaeleza kuhusu kitabu na jibini. Kila nilivyoeleza nilijisikia mwongo zaidi.

Mwishoni nimelisema. Nilikuwa nimefunga. Ndiyo maana sikuonja.

Kisha baba wa karatasi akauliza nani aliniona nikifunga. Nikasema hakuna, kufunga ni kutoonekana. Wamecheka. Sijapata kuchekwa hivyo katika chumba changu mwenyewe.

Mama Gloriose alikuwa kwenye dawati la Irakoze. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu: ilikuwa siku gani. Jumatano, mama. Kila Jumatano? Kila Jumatano, nikasema. Akaitikia kwa kichwa polepole.

Uamuzi wa Direkteri, mbele ya wote: kama Irakoze atarudi katika klasi yangu kwa ridhaa ya koko wake, habari imekwisha, na wengine watamfuata. Asiporudi mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 16, mimi napelekwa shule nyingine huko juu milimani, na watoto wa tambarare watatengewa mwalimu wao. Amelisema kwa upole kabisa. Watoto wa tambarare watatengewa mwalimu wao! Miaka kumi na minne ninawachanganya kwa mkono.

Jumatano, tarehe 7 Februari

Nimefunga. Sikuwasha mbabula.

Josée amerudisha bakuli langu. Safi, limefunikwa vizuri kwa kitambaa. Nikafunua: tupu. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu, hata kama ni nyanya mbili unaweka. Alikwisha kufika uani kwake nilipofunua, akanipa mgongo na kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Alhamisi, tarehe 8 Februari

Jiwe juu ya bati, saa kumi alasiri. Moja tu. Nimetoka nje, hakuna mtu. Limeviringika mpaka kwenye mtaro. Nimelichukua nikaliweka ndani, sijui nataka kulifanyia nini.

Naogopa. Niandike wazi, hapa hakuna atakayesoma. Mtu akiitwa mulozi, mchawi, katika mji huu hasubiri tarehe 16. Nimeona nyumba imechomwa kwa maneno machache kuliko haya, na waliochoma walikuwa watu wa kawaida, wenye watoto shuleni.

Nimemwambia Florentine kwa simu. Amesema niache kazi, nipande Lemera kesho asubuhi, mguu wa mama unapona, tutalima. Kisha ameuliza: "Lakini papa Gédéon, kweli hukuonja hata kidogo?"

Hata yeye. Nikasema nilifunga kwa ajili ya mama yako. Akasema anajua. Lakini aliuliza.

Jumamosi, tarehe 10 Februari

Nimemwona Irakoze kwenye bomba la maji! Amekonda, gauni linamwelea, lakini amebeba bidon ya lita kumi. Wanawake wa foleni wamenyamaza nilipopita. Yeye ameweka bidon chini, amenisalimu kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwao. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, wazi, kama mtu aliyekuwa nacho siku zote: "Mwalimu, mumefika lesoni gani?"

Nikasema sehemu. Moja juu ya mbili, moja juu ya nne. Akasema hiyo anaijua, walikuwa wamefika hapo kwao kabla ya kukimbia. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani.

Koko wake akamwita kutoka ng'ambo ya njia. Akaenda. Mama Gloriose alinitazama, si kwa ubaya. Kama mnunuzi ambaye hajaamua anavyotazama ng'ombe.

Jioni nimepika samaki, mukeke wa kuchoma, na ndizi. Mara ya kwanza haukuungua. Hakuna wa kumwonyesha.

Jumatatu, tarehe 12 Februari

Arobaini na tisa. Kwa mara ya kwanza mwaka huu darasa limekaa bila makundi: wamebaki wachache, wamejipanga mbele wote pamoja wapate kusikia. Nilichokitafuta tangu Septemba nimekipata kwa kufukuza theluthi ya watoto.

Sehemu tena. Nimeuliza nusu ya nusu ni nini. Michée amesema ni njaa. Nimecheka mpaka nimekaa. Wameshangaa, nadhani walifikiri siwezi tena.

Direkteri amenionyesha barua ya uhamisho wangu. Imeshapigwa mashine, inakosa tarehe na muhuri. Amesema anasikitika. Namwamini. Amenishika bega, kisha nimemwona akipangusa mkono kwenye suruali, na sidhani kama alijua anapangusa.

Jumanne, tarehe 13 Februari

Nimepanga vitabu katika katoni mbili. Nimevitoa tena. Maharage nimeyalowesha kwa mazoea, na kesho Jumatano.

Jumatano, tarehe 14 Februari

Saa tisa alasiri. Naandika haraka, wako nje.

Nilikuwa nasahihisha. Nikasikia hodi. Mama Gloriose, na kapu kichwani. Nyuma yake Irakoze na bidon ndogo ya maji. Mama ana majivu kwenye paji la uso, msalaba mweusi, kwa Wakatoliki leo Kwaresima inaanza. Ametoka misa ya asubuhi, ameenda nyumbani, amepika, ametembea kutoka Kavimvira mpaka hapa na jua hili. Nikampa kiti. Akakaa kwenye kigoda, katikati ya ua, mahali panapoonekana. Josée tayari alikuwa juu ya matete. Baadaye wakaja wengine njiani, wakasimama.

Akafungua kapu. Maharage. Ugali wa muhogo, mweupe, hauna donge. Ndagala juu. Yanatoa moshi bado. Akapakua sahani moja, akaiweka mbele yangu juu ya kiti cha Florentine, Irakoze akanimiminia maji ya kunawa.

Nikangoja aonje.

Hakuonja. Nikatazama mkono wake, kisha mdomo wake. Akaniacha nitazame. Alikuwa na muda mwingi.

"Kula, mwalimu," akasema. "Minye leo nimefunga. Majivu weye unaona."

Akaisogeza sahani karibu yangu, akaendelea:

"Ulituambia unafunga, hatukuona. Mutoto ulimwambia kula, usiogope, akakula. Sasa minye nakuambia weye. Ukikula, kesho anarudia mu klasi yako, na bale wenzake minye nitabaambia mu misa. Ukikataa, sina neno. Tutarudi na sahani yetu."

Hana hasira. Hilo ndilo linanishinda. Amelifikiria tangu ile Jumanne, amesubiri siku ambayo hatalazimika kudanganya.

Na jambo la kwanza lililonijia kichwani, kabla ya Irakoze, kabla ya barua ya Direkteri: ni Jumatano! Mimi pia nimefunga. Sijala tangu jana. Naweza kumwambia kwa heshima, mbele ya wote, kwamba siwezi, mama, nina ahadi na Mungu kwa ajili ya mguu wa mama mkwe. Wala si uongo. Nilifurahi. Moyo ulitulia kabisa, kama mtu aliyepata mvua ya kumzuia kwenda shamba. Katika Jumatano zote za kufunga sijapata kufurahi hivyo kwamba ni Jumatano.

Ndipo nikajua. Sikuogopa kuvunja ahadi. Niliogopa sahani.

Mimi! Niliyewaambia watoto wa watu miaka kumi na minne kwamba ni ujinga.

Nikasema nanawa tena, mikono ina wino. Nikaingia ndani. Nimenawa. Nimenawa mara ya pili. Nimechukua daftari hili, sijui kwa nini.

Najua hakuna kitu ndani ya maharage yale. Najua hasa kama nilivyojua hakuna kitu ndani ya yangu. Na mtoto wa miaka kumi na moja alisimama mbele ya darasa zima, hakuwa na ujuzi huo, alikuwa na neno langu tu, na alikula mpaka akafuta sahani. Sikumwona siku ile. Niliona somo langu linaendelea vizuri.

Mungu atanisamehe Jumatano moja. Mama mkwe pia, akielezwa. Florentine, sijui.

Dirishani: watu wameongezeka njiani. Josée ameacha kujificha, ameweka viwiko juu ya matete. Mama Gloriose hajageuka kutazama mlango, amekunja mikono mapajani. Irakoze ndiye anayetazama. Ameshika kifuniko cha kapu, anapepea nzi.

Sasa Irakoze ameita. Anasema, mwalimu, chakula kinapoa. Nimejibu nakuja kula.